Picha ya Mama Iliyorudi kutoka Ulaya

Nazungumza na wenzangu, sisi tuliokuwa watoto wakati bendera ya Mdachi ikipepea bomani Tukuyu, tuliovaa kipande cha nguo mbele na jua mgongoni. Ninyi mliozaliwa baada ya hapo someni pia, siwafukuzi, ila naomba msicheke mpaka mfike mwisho, kwa sababu leo naandika nikiwa na hasira na kalamu imekwisha kutoboa karatasi mara mbili. Kuandika kwenyewe nimejifunza ukubwani, kisomo cha jioni, nikiwa bibi mwenye wajukuu tisa, na cheti changu nimekitundika juu ya kitanda mahali ambapo wengine hutundika chandarua. Kwa hiyo siku hizi nikikasirika sipigi kelele tena. Naandika.

Hasira hii nimeipata Mbugani, Jumamosi iliyopita, lilipokuja gari la sinema. Gari hilo sijawahi kulikosa hata mara moja. Nimelifuata mpaka Katumba Songwe kwa miguu wakati wa masika, nikavuka matope ambayo yangemmeza tembo na bado yakabaki na njaa. Jumamosi nilikaa mbele kabisa, kigoda changu mwenyewe, karanga zangu mwenyewe, na nyuma yangu kijana mmoja mwenye kitana kichwani akaniambia, "Bibi, punguza kilemba, maana hapa tunatazama kilemba tu."

Nikapunguza. Nikamwambia kwa upole kwamba mimi nilianza kutazama picha kwenye shuka kabla baba yake hajaota meno.

"Enzi za Mdachi?" akasema. "Bibi, enzi za Mdachi mlikuwa mnatazama moshi."

"Mwache," mwenzake akadakia, "huenda moshi wenyewe ulikuwa unaimba."

Wakacheka mpaka karanga zikawapalia, na mimi sikuwapigapiga migongo. Sinema niliitazama mpaka mwisho lakini sikuiona.

Wala sisemi kwamba sinema za leo ni mbaya zote. Ile ya kutoka Bara Hindi, ambayo binti anamwimbia mchumba wake kwenye mvua, nililia nikajaza kibuyu, ingawa mpaka leo najiuliza mvua gani ile isiyo na tope. Waje waimbe Kyela mwezi wa nne tuone. Ile ya wapanda farasi wenye kofia pana siipendi. Mtu mmoja, bastola moja, ameua watu arobaini bila kuongeza risasi, na farasi hakupewa maji tangu mwanzo mpaka mwisho. Mimi mtoto wa wafuga ng'ombe nilimhurumia farasi peke yake, wale arobaini shauri lao. Na ile ya serikali ya kufundisha kilimo cha mpunga, ambayo bwana mmoja anapandikiza miche amevaa viatu vya kamba, niiache. Uwanja mzima uligaragara.

Basi sikilizeni. Sinema tulikuwa nayo. Ilikuwa kwenye misheni moja, jina lake nalihifadhi, kule upande wa Matema ambako milima imesimama wima kama watu waliogombana na ziwa limelala miguuni pao. Ilionyeshwa mara mbili tatu kwa mwaka, mpunga ukishavunwa. Chombo chake kilikuwa sanduku jeusi la bati, lenye jicho la kioo mbele na bomba la kutolea moshi juu. Hapo kwenye moshi yule kijana alipatia kidogo. Ndani iliwashwa taa ya mafuta, na picha zilikuwa kwenye vipande vya kioo ukubwa wa kiganja. Mwalimu akichomeka kioo, kichwa chini miguu juu, kwenye shuka mtu anasimama wima, mrefu kuliko mgomba. Mwalimu huyo aliitwa Ambakisye, mtu wa kwetu kabisa wa bondeni, aliyesomeshwa na misheni mpaka akawa anakohoa Kidachi.

Sasa kuna jambo ambalo wenzangu mnalijua na vijana hawalijui. Kwetu Unyakyusa mkamwana, yaani mke wa mwanao, hakutakiwa kuonana uso kwa uso na baba mkwe wake. Sizungumzii kupeana mkono. Nasema kuonana. Mama akisikia kikohozi cha baba mkwe njiani, aliingia migombani, akajifunika nguo kichwani na kuinama mpaka mzee apite. Ndiyo maana vijana wakishakua walihama na kujenga kijiji chao wenyewe mbali na baba zao, ili wake zao wapate pa kupumulia.

Watu wa namna hiyo utawakusanyaje ndani ya nyumba moja watazame picha? Misheni waliumiza vichwa. Mwisho shuka likatundikwa katikati ya nyumba ya ibada, ukuta hadi ukuta. Wanaume wakakaa upande wa taa, wanawake na watoto wadogo nyuma ya shuka. Na ili picha ipenye mpaka upande wetu, shuka lilimwagiwa maji likalowa chapachapa. Kuchota maji ilikuwa kazi ya wasichana, na mimi nilibeba mtungi mkubwa kuliko mimi, nikapanda nao kutoka ziwani bila kumwaga tone. Haya, matone mawili.

Kwa hiyo sisi wanawake tuliiona dunia nzima kutokea nyuma, ya kushoto ikiwa kulia. Kaisari wa Wadachi tulimjua kuwa mtu wa mashoto, maana upanga aliushika mkono huo. Picha yake sikuipenda hata kidogo. Masharubu yamepinda juu kama pembe za nyati, na hafanyi kitu. Halimi, haendi, hata chafya hapigi. Wanaume upande wa pili walilazimishwa kusimama mpaka kioo kipate moto na harufu ya mafuta ijae nyumba. Halafu ikaja picha ya kijiji cha Ulaya kilichofunikwa na kitu cheupe. Mwalimu akasema ile ni mvua iliyoganda. Bibi mmoja karibu yangu akasema, "Huo ni unga, na watu hao hawana kuku." Mimi mpaka leo nakubaliana na yule bibi. Ikaja ya nabii aliyetupwa kwenye shimo la simba, na hapo nilikasirika utotoni na nakasirika sasa, kwa sababu simba wale walikuwa wanene, wamelala, wamefumba macho, mmoja nadhani alikuwa anatabasamu. Aliyewachora hajawahi kulala kwenye nyumba ya mianzi na simba anakwaruza mlango. Babu yangu alipambana na simba halisi kwenye mabua ya Songwe, akamshika mkia, akamzungusha mara saba. Alituambia mwenyewe.

Lakini moja nitaisifu. Kulikuwa na kioo chenye mkono mdogo wa shaba pembeni, na picha yake ilikuwa kinu kirefu chenye mabawa manne. Mwalimu akizungusha ule mkono, mabawa yanazunguka. Yanazunguka kweli, kwenye shuka, maji yakitudondokea, na wanawake walikimbia mpaka mlangoni wakarudi. Kijana wa kitana, picha zetu zilitembea. Sema ulichelewa kuzaliwa.

Sasa nije kwenye kioo kinachonikera miaka yote hii.

Mama yangu hakuwa Mnyakyusa wa bondeni. Alikuwa Mkisi wa Ikombe, huko pwani ya ziwa baada ya Matema, ambako hakuna pa kulima wala pa kuchunga, ila samaki na udongo. Wanawake wa huko hufinyanga vyungu hata wakiwa usingizini. Baba alimwona sokoni, akanunua chungu, kesho akanunua kingine, mpaka nyumba ikawa haina pa kukanyaga na wazee wakaona afadhali aoe mfinyanzi mwenyewe. Babu, baba yake baba, aliishi kijiji cha wazee, mwendo wa kuchemsha ndizi moja. Kila jioni mama alipika, na mimi nikapeleka. Babu alifunua chungu, akanusa, akaniambia, "Mwambie mama yako ndaga, nashukuru. Leo ametia ndizi changa, anajua meno yangu." Nikirudi, mama ananiuliza, "Amekula zote? Kikohozi kikoje?" Walipendana hao wawili kuliko watu wengi wanaoonana. Walitumiana mimi, nikaenda na kurudi kama sindano kwenye nguo.

Mwaka mmoja wa kiangazi mama alikwenda kwao Ikombe kufinyanga, akanichukua. Akaja Bwana wa misheni na sanduku la miguu mitatu, pamoja na Mwalimu Ambakisye wa kumtafsiria. Mama alikuwa ameshika chungu kikubwa, anakizunguka kwa kurudi kinyumenyume kama wafanyavyo, udongo mpaka kwenye viwiko. Bwana akataka akae, aache nguo ianguke mabegani, asiinamishe uso, atazame jicho la sanduku moja kwa moja.

Mama akamgeukia Mwalimu. "Mimi nimeolewa bondeni. Uso huu utakwenda wapi?"

"Ulaya," akasema Mwalimu. "Wanataka kuwaonyesha Wakristo wa kule."

"Na hautarudi?"

"Mama Tusekile, nani atapanda meli miezi miwili kuleta uso wako Matema? Ulaya hakuna mkweo."

Mama akacheka, akatazama pale alipoambiwa. Mimi nilikuwa pembeni nikila samaki, sikutiwa kwenye picha, na nilinuna siku nne.

Mavuno mawili yakapita. Meli ikatia nanga Mwaya na masanduku, na habari zikaenea kwamba vioo vipya vimekuja. Safari hii misheni walialika hata wazee ambao hawakuwa na habari na kanisa, Babu akiwemo. Alikuja na fimbo yake, amejipaka mafuta, akawekwa mbele kwenye kiti kwa heshima. Mama na mimi tulikuwa nyuma ya shuka, karibu kabisa, maana nilikuwa nimetoka kumwagia maji. Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi na nilijiona mke wa malafyale, chifu wetu.

Kioo cha kwanza kikawa daraja. Kioo cha pili kikawa mama.

Alikuwa amekaa kando yangu, amempakata mdogo wangu, na alikuwa pale juu, mkubwa kama ukuta, shanga zake shingoni, udongo mikononi, macho yamefunguka yanatutazama. Nawaambia kama mtu aliyeona sinema nyingi kuliko mtu yeyote kati ya Songwe na Lufilyo: ile ndiyo picha bora kuliko zote nilizowahi kuona. Nuru ilikuwa imemshika shavu moja. Hakuigiza kitu.

Upande wa wanaume kimya. Wapo waliomjua, watu wa rika la baba, wale waliojenga naye kijiji kimoja. Walimjua wakauma midomo, hakuna aliyetamka. Na katika kimya kile tukasikia sauti ya Babu, akimwambia mzee mwenzake, "Mtazame huyo anavyokishika chungu. Huyo anajua kazi."

Hakumjua. Angemjuaje? Alikuwa amekula chakula cha mikono ile miaka kumi, na uso hajawahi kuuona. Ilibaki kioo kitolewe tu, kiingie kingine, tuende nyumbani kulala.

Mimi nikasimama. Furaha ilinijaa mpaka kooni. Nikapiga kelele, "Mama, mama, ni wewe."

Sauti yangu Babu aliijua kuliko kikohozi chake. Nilisikia kiti kinasukumwa. Walioona upande ule walisema mzee alijifunika uso kwa nguo yake, yeye mzee, kama mkamwana, akatafuta mlango kwa fimbo. Mama kando yangu alikuwa ameshajifunika. Alinipa mtoto, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mwalimu Ambakisye akabadilisha kioo haraka, akaweka kinu, akazungusha, na hakuna aliyetazama. Kesho yake asubuhi mama alipanda mtumbwi na mdogo wangu, akarudi kwao Ikombe, kama ilivyompasa mwanamke aliyeonekana na mkwe.

Nyumba ikawa kama imetobolewa. Baba alichoma ndizi zikawa makaa. Alikonda akawa fito, nasema kweli, ng'ombe walikuwa wakijikuna kwake. Akaenda kwa Babu, na Babu akasema hataki kumfukuza mkamwana wake, anataka kuuliza neno moja tu. Akaita wazee wawili na Mwalimu, na akaniita mimi.

Tulikaa barazani kwa Babu, kwenye nyumba ya mianzi. Mwalimu alivaa kanzu yake ya Jumapili. Babu hakuonyesha kukasirika. Alisema na wale wazee, lakini uso aliugeuzia kwangu.

"Mimi mke wa mwanangu simjui uso. Namjua kwa ndizi zake na kwa vyungu vyake. Juzi niliona mwanamke kwenye nguo. Sikumjua. Wanawake wafinyanzi wako wengi pwani yote. Halafu nikasikia mtoto anamwita mama yake. Ni giza, kuna moshi, watoto huogopa." Akanisogelea. "Tusekile, mwana wangu. Uliogopa giza, ukamwita mama yako aliyekuwa kando yako. Au sivyo?"

Wazee wakatikisa vichwa, tayari wamekubali. Mmoja alishaanza kutafuta fimbo yake ainuke.

Sasa nisikilizeni, kwa maana hapa ndipo kalamu inapotoboa karatasi. Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi, mpana wa kupita ng'ombe. Ilibaki niseme "ndiyo, Babu". Lakini kila asubuhi shuleni, kabla ya jua kutoka, Mwalimu Ambakisye alitusimamisha mstari na kutuimbisha kwamba mtoto mwongo ulimi wake utaungua. Nikamtazama. Na Mwalimu, mtu mzima, Mnyakyusa, mwenye mke anayejificha migombani kama wake wote, mtu aliyejua ni kitu gani kinaulizwa pale, akainua kidole chake kimoja, hivi, kama alivyofanya darasani.

Nikasema, "Hapana, Babu. Sikuogopa. Alikuwa mama kwenye shuka. Alikuwa na shanga zake, na alipendeza."

Kuku alipita barazani na hakuna aliyemfukuza.

"Mtoto mwema," akasema Mwalimu, akanipapasa kichwa.

Babu alijifunga nguo yake vizuri. Kisha akasema, "Ndaga," polepole, kama anavyoshukuru mtu aliyeletewa habari ya msiba. "Basi nimemwona."

Kichwa changu bado kinahisi kile kiganja. Nimepigwa na waume wawili, nimeng'atwa na nyoka, nimezaa watoto saba, na hakuna kilichoniuma kama papaso lile.

Dawa yake ilikuwepo. Kwa desturi, ndugu wa mwanamke waliweza kuleta ng'ombe, akachinjwa, mwiko ukatakaswa, na mke akarudi. Lakini ndugu za mama walikuwa Wakisi. Ng'ombe wangemchungia wapi, juu ya jiwe? Wajomba zangu walikuja na mtumbwi umejaa vyungu na samaki wakavu wa kulisha jeshi, na wazee wa ukoo wakasema vyungu havina damu. Baba akajaribu kuwapa wajomba ng'ombe wake kwa siri ili wamlete kama wao. Lakini ng'ombe wa kwetu walijulikana kwa majina, na yule aliyemchagua, Babu mwenyewe ndiye aliyemzalisha. Alipofikishwa uani kwa Babu, ng'ombe akaenda moja kwa moja kwenye kijiti chake cha zamani akalala. Wazee wakacheka kwanza, halafu wakakataa.

Na Bwana wa misheni? Baba alikwenda kuomba kile kioo kivunjwe, angalau kisionekane tena. Akajibiwa kupitia kwa Mwalimu kwamba kioo ni mali ya misheni na kimepangiwa vituo vingine. Kikazungushwa kama bidhaa. Wapagazi waliotoka juu Ukinga walituambia, "Tumemwona mama yenu, mkubwa hivi, wanasema huyo ni mpagani wa ziwani." Mpagani. Mama alibatizwa kabla ya Mwalimu Ambakisye kuvaa kanzu.

Miaka mitano nilitembea kutoka bondeni mpaka Matema na kutoka Matema mpaka Ikombe kumwona mama yangu. Nilipika mimi, nikampelekea Babu mimi. Alifunua chungu, akanusa, akala, akasema ndaga, na hakusema tena habari ya meno yake. Kule Ikombe mama aliniuliza, "Kikohozi kikoje?" Nikamwambia. Hakunilaumu hata siku moja, na afadhali angenitandika. Mara moja tu, nikiwa nimekwisha kuwa mwali, alinisuka nywele akasema, "Mtu anayekupenda akikuuliza neno, mwanangu, sikiliza kwanza anataka kupewa nini."

Babu alikufa mwaka wa vita, Mdachi alipokuwa akiwakamata wanaume kubeba mizigo hata waliokuwa na mguu mmoja. Alikufa kwa kikohozi, kitandani kwake. Baada ya maziko hakukuwa tena na mkwe wa kukwepwa, na mama akarudi na mtumbwi, nywele zake zimeanza mvi, mdogo wangu akizungumza Kikisi kitupu. Waingereza walipoingia na akina Bwana kuondolewa, nilikwenda mwenyewe misheni kudai kile kioo. Nikaambiwa vioo vyote vimekwenda, hakuna ajuaye wapi. Mwalimu Ambakisye alikuwa ukumbini, akaniita kwa jina, akasema, "Yule mtoto mwema." Nikageuka nikaenda zangu. Kama angekuwa hai leo ningemsomea haya mbele ya watu, taratibu, neno kwa neno.

Siku hizi mambo ni mengine, na sitasema uongo kwamba yote ni mabaya. Mbele ya gari la sinema mkwe na mkamwana wanabanana benchi moja, wanagawana karanga, na binti anamwambia mzee asogee. Nyuso za watu wa Bara Hindi, za Amerika, za watu waliokufa zamani, wanazitazama bure mpaka wanapiga miayo. Wakifika nyumbani hawakumbuki hata moja. Sisi tulikuwa na nyuso chache na tulizilinda kama moto wa jikoni siku ya mvua, na bado tukaungua nazo. Sijui ipi ni afadhali. Nikiwa na hasira nasema yetu. Nikimkumbuka mama mtumbwini nasema yao.

Lakini jioni ile aliyorudi, tulikaa jikoni yeye na mimi, akazungusha mikono kwenye vyungu vyake vya zamani kama anayesalimia watu. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Babu yako alikuwa na sura gani?"

Nikamweleza. Kovu la pembe ya fahali juu ya nyusi. Masikio makubwa, moja limechanika. Jino moja la mbele lililobaki, na jinsi alivyofumba macho kabisa akicheka. Nilieleza vizuri, kwa mara ya kwanza bila kuongeza chumvi, kwa sababu aliyenisikiliza alikuwa amengoja miaka kumi na mitano. Nilipofika kwenye macho, rangi yake na jinsi yalivyokutazama, mama alivuta nguo yake taratibu, akajifunika kichwa, akainama.

Nikaendelea kueleza.